Kabla ya kupima ploti Kivaa, tupime moto

Kufikia mwezi wa Septemba, kilima cha Kivaa huwa kimekauka. Nyasi zilizostawi kwa mvua ya Aprili zimegeuka manjano, na ukizishika zinakatika mkononi. Migunga imepukutisha majani. Chini ya kilima wakulima wanafyeka vichaka na kuchoma mabaki ili mashamba yawe tayari kabla ya mvua ya vuli, ambayo Ukambani ndiyo mvua ya kutegemewa. Bondeni tanuri la makaa linafuka moshi taratibu. Juu ya miti kuna mizinga ya nyuki, na mrina asali haendi kwa nyuki bila mwenge. Kuni zipo, upepo upo, na cheche hazikosekani.

Mandhari hii ndiyo inayokatwa ploti. Kivaa iko katika kaunti ndogo ya Masinga, upande wa kaunti ya Machakos, Kenya, unaopakana na mabwawa ya mto Tana: Kindaruma lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1968, Kamburu lililofuata miaka ya sabini, na Masinga lililokamilika mwaka 1981. Kama vituo vingine vya biashara vya eneo hili, Kivaa inapanuka. Shamba la familia linagawiwa watoto, kipande kinauzwa, nyumba ya tofali na mabati inasimama mahali palipokuwa malisho. Shule inaongeza bweni. Kanisa linatafuta uwanja palipoinuka.

Mwenye kuomba kibali huulizwa kuhusu hati, mipaka, njia, maji na choo. Yote ni maswali ya haki. Lakini lipo swali jingine ambalo ni lazima liulizwe mapema kabla fundi hajachimba msingi: moto ukiwaka katika nyika inayozunguka ploti hii, utatoka wapi, utafika kwa kasi gani, na watu watatokea wapi? Swali hilo likijibiwa kwenye ramani, gharama yake ni kalamu na siku moja ya kutembea. Likiachwa lijibiwe na moto wenyewe, gharama yake ni nyumba, mifugo na roho za watu.

Moto hupenda kupanda mlima

Washa kijiti cha kiberiti, kisha kiinamishe kichwa chini. Mwali unapanda kwenye mti wake na kukufikia vidole kabla hujahesabu tatu. Kiinue kichwa juu, na mwali ule ule unazubaa, pengine unazimika. Kilima nacho kina tabia hiyo. Moto unaopanda mteremko huinamia nyasi zilizo mbele yake, huzikausha kwa joto kabla haujazigusa, na zikiguswa hulipuka mara moja.

Wataalamu wa moto wana kanuni wanayoitumia kwa miaka mingi: kila mteremko unapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huongezeka takriban maradufu. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, basi, moto huenda mara nne zaidi ya ule wa uwanda. Kwa mtu anayejenga kando ya kilima cha Kivaa, hesabu hii ina uzito kuliko bei ya ploti. Nyumba iliyo tambarare inaweza kumpa mwenyewe nafasi ya kufungua zizi na kuwatoa watoto. Nyumba iliyo katikati ya mteremko, yenye nyasi ndefu chini yake, huenda isimpe nafasi hata ya kutafuta funguo.

Mabonde membamba yanayopasua kilima ni hatari zaidi. Hewa ya moto hupanda ndani yake kama ndani ya dohani, na nyumba iliyojengwa kichwani mwa bonde hupokea yote. Tena, katika kiangazi cha Juni hadi Oktoba upepo mwingi hutoka kusini na mashariki. Kwa hiyo ubavu wa kilima unaoutazama upepo huo si sawa na ubavu wa nyuma yake, hata kama ramani ya ploti inaonyesha vipande vyote vina futi 50 kwa 100.

Mwaka wa neema na mwaka wa moto

Wengi hudhani moto mkubwa ni mtoto wa ukame. Katika nyika kavu kama Masinga mambo hayaendi hivyo moja kwa moja. Mvua ikikosekana misimu kadhaa mfululizo, kama ilivyotokea kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, nyasi hazioti na mifugo humaliza zilizopo. Moto hukosa cha kula. Hatari huja baada ya neema. Mvua inaponyesha kwa wingi, kama ile ya vuli ya 2023 na masika ya 2024, nyasi hurefuka, hushikana, na kiangazi kinachofuata huzigeuza kuwa kuni zilizotandazwa kutoka bondeni hadi kileleni. Mtu aliyenunua ploti wakati wa ukame akaona udongo mtupu anaweza kuamini hakuna kitu cha kuungua. Hajaona shamba lake likiwa limeshiba.

Na nyasi zenyewe zina historia yao. Wafugaji wa Ukambani wanaijua ndata kivumbu, nyasi ngumu inayovumilia ukame na kunenepesha ng'ombe. Watafiti wa kituo cha Kiboko, Makueni, wameihimiza kwa miaka mingi ipandwe pamoja na nyasi ya mbeetua kufufua malisho yaliyochakaa, na wamefanya vyema. Lakini nyasi hiyo hiyo, ikipelekwa Arizona nchini Marekani na katikati ya Australia kwa ajili ya mifugo, imegeuka adui. Huko imejaza nafasi zilizokuwa tupu kati ya mimea ya jangwani, na nafasi hizo ndizo zilizokuwa zikizuia moto kusambaa.

Mji wa Lahaina, katika kisiwa cha Maui, Hawaii, ni mfano mwingine: uliungua tarehe 8 Agosti 2023 na zaidi ya watu 100 wakafa. Juu ya mji huo kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyotelekezwa, yakamezwa na nyasi za kigeni, zikiwemo nyasi za asili ya Afrika. Alipoondoka mkulima hakubaki wa kulima wala wa kulisha, na mji ulikuwa umesimama chini ya mteremko ule ukiwa haujajiandaa.

Hapa ndipo Kivaa inapaswa kujitazama. Ndata kivumbu haina kosa ikiwa kuna ng'ombe wa kuila na mikono ya kuikata. Hatari inaanza pale shamba linaponunuliwa na mtu anayeishi Nairobi au Thika, likazungushiwa waya, mifugo ikafukuzwa, na nyasi zikasimama miaka miwili mitatu zikisubiri mwenye ploti apate pesa za kujenga. Ploti tupu zilizofungwa ni sehemu ya hatari ya moto ya kijiji kizima, na mpango wa ardhi hauna budi kuzihesabu.

Namna ya kuupima moto

Nchi zilizounguzwa vibaya zimejifunza kuusoma moto kabla ya kujenga. Jimbo la Victoria, Australia, lilipoteza watu 173 katika mioto iliyowaka tarehe 7 Februari 2009. Baada ya uchunguzi, kanuni za mipango zilibadilishwa. Leo, anayetaka kujenga katika eneo lenye hatari huko hatazami ua wake tu. Anatakiwa kuonyesha mandhari pana: misitu na nyasi zilizopo, zimeungana vipi, moto unaweza kutokea upande gani na kusafiri umbali gani kabla ya kufika, na pahali salama pa kukimbilia ni wapi. Kisha anashuka kwenye eneo la karibu, mita 100 au zaidi kuzunguka jengo, na kupima aina ya mimea, mteremko na umbali. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama jengo liruhusiwe, lisogezwe, liimarishwe au likataliwe.

Hakuna kitu katika njia hiyo kilicho juu ya uwezo wa Machakos. Afisa wa mipango, mpimaji ardhi, chifu na wazee wawili wanaokijua kilima wanaweza kuifanya kwa hatua tano.

Kwanza, wapande mahali pa juu na kutazama. Je, kuna nyasi au kichaka kinachoendelea bila kukatika kutoka kilimani hadi kwenye ploti? Barabara, mto mpana wa mchanga, shamba lililolimwa na malisho yaliyoliwa hadi chini hukata safari ya moto. Pale ambapo hakuna kikato, hatari iandikwe.

Pili, waulize historia. Wazee wanajua moto wa zamani ulianzia wapi na uliishia wapi. Setilaiti nazo zinajua. Tangu mwaka 2000 vyombo vya shirika la anga za juu la Marekani, NASA, vimekuwa vikirekodi mioto duniani kote, na vya sasa vinatofautisha maeneo ya mita 375 kwa 375. Takwimu hizo ni za bure, na Nairobi kuna kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali, RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975, chenye wataalamu wa kuzisoma. Kaunti ikitaka ramani ya mioto ya Masinga ya zaidi ya miaka 20, haina haja ya kusubiri mfadhili.

Tatu, wapime mteremko na aina ya mimea. Moto wa nyasi hukimbia lakini hupita upesi. Moto wa kichaka kizito huenda polepole kidogo na hukaa, ukichoma ukuta kwa joto la muda mrefu. Kila mmoja unataka umbali wake.

Nne, wahesabu njia za kutokea. Mji wa Paradise, California, uliungua tarehe 8 Novemba 2018 baada ya hitilafu kwenye nyaya za umeme mkubwa. Watu 85 walikufa, na barabara chache za kutokea zilisongamana magari huku moto ukiwafikia. Masinga nayo inapitiwa na nyaya za umeme unaotoka kwenye mabwawa ya Tana, na mitaa mipya mingi hukatwa ikiwa na njia moja ya kuingilia inayoishia kwenye ploti ya mwisho kilimani. Njia ya namna hiyo ni mtego. Mpango wowote wenye zaidi ya ploti chache ungepaswa kuwa na njia mbili zinazotokea pande tofauti.

Tano, watazame maji. Yako wapi, ni kiasi gani kinabaki Septemba, na je, gari linaweza kuyafikia? Silanga iliyokauka Julai haizimi moto wa Septemba.

Cheche ndizo huingia kwanza

Wengi huamini nyumba ya tofali na mabati haiwezi kuungua kwa moto wa nyasi. Ni kweli kwamba ina nguvu kuliko ya makuti au nyasi. Lakini uchunguzi wa nyumba zilizoungua nchi mbalimbali umeonyesha kwamba nyingi haziunguzwi na ukuta mkubwa wa mwali. Huunguzwa na cheche zinazopeperushwa na upepo mbele ya moto, zikatua mahali pakavu, zikajiotea taratibu wakati watu wote wanatazama kilima.

Zunguka boma la kawaida la Kivaa ukitafuta mahali cheche inaweza kutua. Kuni zimepangwa ukutani chini ya paa ili zisilowe. Ghala la fito na nyasi liko hatua chache kutoka jikoni. Kati ya mabati na ukuta kuna mwanya wa kupitisha hewa, na ndani ya dari kuna magunia, majani makavu na viota vya ndege. Mabua ya mahindi yamerundikwa karibu na zizi kwa ajili ya ng'ombe. Yote haya ni ya busara kwa maisha ya kila siku, na kila moja linaweza kuwa mlango wa moto.

Tiba yake si ghali. Mita moja na nusu kuzunguka nyumba ibaki udongo mtupu au kokoto. Kuni na mabua vihamishwe mbali na ukuta kila Juni. Mwanya wa paa uzibwe kwa wavu mwembamba wa chuma. Ghala jipya lijengwe upande ambao upepo wa kiangazi hautaisukumia nyumba moto. Nyasi ndani ya mita 30 zikatwe ziwe fupi. Mambo haya yakiandikwa kwenye ukurasa mmoja na kuambatishwa na kila kibali, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, yatalinda nyumba nyingi kuliko gari moja la zimamoto.

Gari lenyewe liko mbali. Kutoka mji wa Machakos, makao makuu ya kaunti, unafuata barabara ya Garissa kupita Matuu kabla ya kuchepuka kuelekea Masinga. Moto wa nyasi kwenye upepo hauwezi kungoja safari hiyo. Kwa wakazi wa Kivaa, kinga iliyowekwa wakati wa kupanga ndiyo huduma ya kwanza ya zimamoto, na mara nyingi ndiyo ya pekee.

Sheria tunazo

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi mbili ambazo hapa zinakutana: mipango na maendeleo ya kaunti, na huduma za zimamoto pamoja na usimamizi wa majanga. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kila ustawishaji upate kibali cha kaunti, na inawapa wananchi haki ya kutoa maoni kuhusu mipango kabla haijapitishwa. Miradi mikubwa hupitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Na tangu enzi za ukoloni tunayo Sheria ya Moto wa Nyasi, Sura ya 327, inayodhibiti uchomaji wa mimea.

Tatizo ni kwamba sheria hizi zinaishi katika afisi tofauti. Anayezima moto hayumo chumbani wakati ploti zinachorwa. Anayechora ploti haoni ramani ya moto. Anayetathmini mazingira huuliza, kwa mfano, hoteli mpya itamwaga wapi maji machafu, lakini ni nadra kuuliza kilima kilicho nyuma yake kitaifanyia nini hoteli. Kaunti inaweza kuliondoa pengo hili bila kusubiri Bunge: iweke kipengele cha moto wa nyika katika fomu za vibali kwa maeneo ya vilima na nyika, na imtake mkuu wa zimamoto atie sahihi.

Shule zitangulie. Machakos haijasahau usiku wa Machi 2001, wanafunzi 67 wa shule ya upili ya Kyanguli walipoteketea bwenini. Moto ule uliwashwa na binadamu, si nyika, lakini ulifundisha nchi nzima kwamba watoto waliolala ndani ya jengo lenye milango michache hawana pa kukimbilia. Bweni linalowekwa kwenye mteremko wenye nyasi linabeba hatari hiyo hiyo kutoka upande wa nje. Hakuna bweni jipya la Masinga linalostahili kupitishwa kabla mtu hajapanda kilima kilicho nyuma yake.

Jasho la mwethya

Kuna watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Historia ya Machakos inawapinga. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiona Machakos kama nchi iliyokwisha, udongo wake ukimomonyoka hadi miamba. Miaka 60 baadaye, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika katika kitabu chao cha 1994 jinsi watu walivyoongezeka mara kadhaa huku mmomonyoko ukipungua. Kazi hiyo ilifanywa kwa jembe na koleo, vikundi vya mwethya, yaani vya kazi ya kusaidiana, vikichimba matuta ya fanya juu shamba baada ya shamba.

Mikono hiyo hiyo inaweza kukata njia za kuzuia moto. Kikundi cha mwethya kikitoka kila Juni, nyasi zikiwa bado hazijamwaga mbegu zote, kinaweza kusafisha ukanda kati ya kilima na makazi, na nyasi zilizokatwa zikawa chakula cha ng'ombe cha kiangazi. Matuta ya fanya juu yanayofuata kontua tayari yanaugawa mteremko. Yakilimwa au kulishwa kwa mpango, yanakuwa vikato vya moto bila kazi ya ziada. Yakiachwa na nyasi ndefu kichwani, yanakuwa ngazi. Na pale panapohitajika kuchoma, basi kuchomwe mapema, asubuhi, nyasi zikiwa na unyevu, majirani wakiwa wameambiwa na watu wakiwa wamesimama na matawi mabichi. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini hawakusema uwashwe saa nane mchana wa Septemba.

Jambo moja lisisahaulike. Tathmini ya moto haipaswi kuwa fimbo ya kuwafukuzia maskini kilimani huku tajiri akipewa kibali kwa sababu ana pesa za kuajiri mshauri. Familia nyingi zinaishi mteremkoni kwa sababu ndiyo ardhi waliyorithi, na katika maboma mengi waliobaki ni nyanya na wajukuu, vijana wakiwa mjini kutafuta. Kwa hao, kaunti ije na msaada: ukanda wa pamoja, tangi la maji la kijiji, njia ya pili ya kutokea. Kwa anayekuja kukata ploti 40 na kuziuza, masharti yawe makali, kwa kuwa yeye ndiye anayechagua mahali na ndiye anayepata faida.

Kaunti zote hupanga kwa mzunguko wa miaka mitano, na mpango wa sasa unamalizika 2027. Muda uliobaki unatosha kuichora ramani ya moto ya Masinga, wadi kwa wadi, na kuifanya sehemu ya mpango ujao. Wakazi wa Kivaa wasingoje kuitwa. Waidai ramani hiyo katika vikao vya maoni, na kila mchoro wa ploti ukiletwa mbele yao, wamuulize aliyeuchora aonyeshe kwa kidole mahali moto utakapoanzia na njia mbili ambazo watoto watatokea. Akishindwa kuonyesha, muhuri usipigwe.